Kalathea

Kalathea ni jina la jumla la mimea ya kitropiki ya familia Marantaceae inayopandwa hasa kwa ajili ya uzuri wa majani yake. Asili yake ni misitu yenye unyevu ya Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini, hasa Brazil, Kolombia, Ekuador na Peru. Siku hizi hupandwa katika vyungu sebuleni, maofisini na barazani, na katika bustani za nchi za joto hupandwa pia chini ya vivuli vya miti. Maua yake, isipokuwa ya spishi chache, hayavutii sana. Anayenunua kalathea hununua majani. Kwa sababu hiyo utambuzi wa aina zake hutegemea umbo la jani, michoro ya upande wa juu, rangi ya upande wa chini na jinsi jani lilivyo likipapaswa kwa kidole.

Jina na uainishaji

Jina Calathea latokana na neno la Kigiriki kalathos, yaani kikapu. Jenasi hii ilielezwa mwaka 1818 na mtaalamu wa mimea Mjerumani Georg Friedrich Wilhelm Meyer. Kwa muda mrefu ilikuwa jenasi kubwa kuliko zote katika Marantaceae, yenye spishi karibu 300. Mwaka 2012 Finn Borchsenius, Luz Stella Suárez na Linda Prince walichapisha utafiti wa DNA ulioonyesha kwamba spishi hizo hazikuwa za ukoo mmoja: baadhi yake zina undugu wa karibu zaidi na jenasi nyingine kuliko na wenzake. Hivyo spishi nyingi zilihamishiwa katika jenasi Goeppertia, jina lililotolewa na Nees von Esenbeck mwaka 1831 kwa heshima ya Heinrich Göppert. Goeppertia sasa ina spishi zaidi ya 200, na Calathea yenyewe imebaki na sehemu ndogo tu ya spishi zake za zamani.

Matokeo yake ni kwamba karibu kila kalathea ya sebuleni si Calathea tena kwa jina la kisayansi. Wauzaji hawakubadilisha lebo zao, na vitabu vilivyochapishwa kabla ya 2012 vina majina ya zamani. Mwanafunzi akikuta Calathea makoyana katika kitabu kimoja na Goeppertia makoyana katika kingine, ajue ni mmea uleule: neno la kwanza ndilo lililobadilika, na la pili kwa kawaida limebaki. Katika makala hii jina la kisayansi limeandikwa kwa utaratibu mpya (G. ni kifupi cha Goeppertia), na neno kalathea limeachwa kuwa jina la kawaida. Hakuna jina la kienyeji kwa Kiswahili, maana mmea huu ni mgeni Afrika.

Maelezo

Kalathea ni mmea wa kudumu usio na shina la mti. Majani huchipuka moja kwa moja kutoka shina linalotambaa chini ya udongo (rizomu), kila moja kwenye kikonyo chake. Jani jipya hutoka likiwa limeviringika kama jani changa la mgomba, kisha hukunjuka. Ufanano huo si wa bahati: Marantaceae na familia ya migomba zote zimo katika oda Zingiberales, pamoja na tangawizi, manjano na iliki.

Alama ya pekee ya familia hii ni kifundo kilicho mahali kikonyo kinapokutana na bapa la jani. Ni sehemu fupi, iliyovimba kidogo, mara nyingi yenye rangi tofauti na kikonyo. Seli za kifundo hicho hujaa maji upande mmoja na kupungua upande mwingine, na kwa njia hiyo jani huinuka jioni na kulala asubuhi. Mmea wa aina hii kwa Kiingereza huitwa “mmea wa sala”, kwa kuwa majani yaliyosimama usiku hufanana na viganja vya mtu anayeomba. Kifauwongo hufunga majani yake kwa utaratibu wa namna hiyohiyo, ila kifauwongo huitikia pia kuguswa, na kalathea haiitikii. Saa ya ndani ya mmea ikishirikiana na mwanga ndiyo inayoendesha mwendo huo. Hata mmea uliowekwa gizani huendelea kwa muda kuinua na kushusha majani.

Mishipa ya pembeni ya jani imepangwa karibukaribu, sambamba, ikijipinda kama herufi S kabla ya kufika ukingoni. Ua la Marantaceae nalo ni la ajabu. Halina ulinganifu wa pande mbili, na mrija wa kike ndani yake umekazwa kama mtego. Nyuki akiugusa, mtego hufyatuka mara moja tu: mrija hujikunja ghafla, huchukua chavua aliyokuja nayo nyuki na kumpaka chavua ya ua lenyewe. Mtego ukishafyatuka haurudi.

Mimea inayofanana na kalathea

Katika familia yenyewe jenasi tatu huchanganywa na kalathea. Maranta, hasa M. leuconeura, ni mmea mfupi unaotambaa. Ana mashina yenye vifundo juu ya udongo, na kipande cha shina kikiwekwa majini hutoa mizizi. Kalathea ya kawaida haifanyi hivyo, kwa sababu kikonyo kilichokatwa hakina jicho la kuchipua. Ctenanthe na Stromanthe huwa warefu zaidi, na mashina yao hugawanyika juu yakabeba mafungu ya majani hewani. Stromanthe thalia ya aina ya ‘Triostar’, yenye mabaka meupe na ya waridi, huuzwa mara nyingi kwa jina la kalathea. Kosa hilo halina madhara, kwa kuwa matunzo yao yanakaribiana.

Kosa lenye madhara ni kuchanganya kalathea na difenbakia (Dieffenbachia) au aglaonema. Mimea hiyo miwili ni ya familia Araceae, nayo huuzwa vitaluni bega kwa bega na kalathea, ikiwa na mabaka meupe na kijani yanayofanana kwa mbali. Utomvu na tishu zake zina fuwele kama sindano za kalsiamu oksalati, za aina ileile inayowasha koo mtu akila magimbi au nduma zisizoiva. Mtoto akitafuna jani la difenbakia, mdomo huwaka na ulimi unaweza kuvimba hata kusema au kumeza kukawa shida. Asuuzwe kinywa na kupelekwa kituo cha afya. Kalathea haina sumu inayojulikana kwa binadamu, paka wala mbwa. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haina budi kuhakikisha mmea ni upi kabla ya kuuweka chini.

Kutofautisha si kazi ngumu. Difenbakia ana shina nene lenye pete za makovu, mithili ya muwa mdogo, na mshipa wa kati wa jani ni mnene na mweupe. Kikonyo chake huingia katika bapa bila kifundo. Zaidi ya hayo, difenbakia na aglaonema hawainui majani usiku. Mwenye shaka autazame mmea saa nane mchana na tena saa tatu usiku.

Spishi na aina zinazopandwa sana

G. makoyana hutoka mashariki mwa Brazil na jina lake lamkumbuka Jacob Makoy, mkulima wa maua wa Liège, Ubelgiji. Jani ni la duaradufu, jembamba kama karatasi. Juu yake kumechorwa mfano wa majani madogo ya kijani kilichoiva, kubwa na dogo kwa zamu, yakipangwa pande zote mbili za mshipa wa kati. Nafasi kati ya michoro ni angavu kiasi kwamba jani likishikwa dhidi ya dirisha mwanga hupenya. Upande wa chini una michoro ileile kwa zambarau.

G. lancifolia, pia ya Brazil, huchanganywa na hiyo kwa sababu nayo ina madoa makubwa na madogo kwa zamu. Tofauti iko kwenye umbo: jani la lancifolia ni refu na jembamba kama ubao wa upanga, kingo zake zina mawimbi, na chini ni zambarau tupu. Katika lebo za zamani huitwa Calathea insignis.

G. orbifolia hutambulika hata na asiyejua mimea. Majani ni ya mviringo, mapana kufikia sentimita 30 kwenye mmea uliokomaa, yenye mistari ya rangi ya fedha na kijani ikipishana kutoka katikati hadi ukingoni. Chini si zambarau bali kijani cha fedha. Mmea huu hudai nafasi. Ukisongamana ukutani majani huchanika.

G. roseopicta ya Amazoni ya magharibi ndiyo yenye aina nyingi zaidi sokoni. Umbo la asili ni jani la karibu mviringo, kijani kilichoiva, lenye pete ya waridi au nyeupe iliyovunjikavunjika kati ya mshipa wa kati na ukingo, na chini zambarau. Kutoka humo zimezalishwa ‘Medallion’ yenye michoro mipana ya kijani, ‘Dottie’ iliyo karibu nyeusi na pete ya waridi, na ‘Rosy’ ambayo sehemu kubwa ya jani ni ya waridi. Hiyo ya mwisho hupendwa dukani, lakini sehemu isiyo ya kijani haina klorofili ya kutosha, hivyo mmea hukua polepole na kuungua upesi.

G. ornata ina jani la kijani cheusi lenye mistari myembamba ya waridi, miwilimiwili, kana kwamba imechorwa kwa kalamu. Mistari hiyo huwa meupe kadiri jani linavyozeeka. Wanunuzi wengi hudhani mmea umeugua au wamedanganywa. Sivyo, ndivyo ulivyo. Mimea mingi yenye lebo ya ornata, hasa ile mirefu yenye majani membamba, kwa kweli ni ya G. majestica.

G. zebrina na G. warszewiczii zote zina majani kama mahameli. Katika zebrina, ya kusini-mashariki mwa Brazil, mistari ya kijani hafifu hupishana na ya kijani cheusi hadi karibu na ukingo, kama milia ya punda. Katika warszewiczii, ya Amerika ya Kati, rangi hafifu hukaa katikati tu, ikiwa na kingo za menomeno kama unyoya, na sehemu nyingine yote ni nyeusinyeusi. Warszewiczii hutoa pia mashada meupe ya maua yanayostahili kutazamwa. Jina lake latokana na Józef Warszewicz, mkusanyaji mimea kutoka Poland.

G. rufibarba huonekana ya kawaida hadi iguswe: majani membamba yenye mawimbi, bila michoro, lakini vikonyo na upande wa chini vimejaa vinyweleo laini. G. musaica, iitwayo pia ‘Network’, ina vimistari vidogo sana vya kijani na manjano vinavyokatana kama wavu au sakafu ya vigae vidogo. Jani lake ni gumu kidogo na lina nta, na ndiyo sababu huvumilia hewa kavu kuliko wenzake.

G. crocata ni ya pekee kwa kuwa hununuliwa kwa maua yake: mashada ya rangi ya machungwa juu ya majani ya kijani kilichoiva. Wakulima huichochea kuchanua kwa kuipa siku fupi, za mwanga wa saa 10 hivi. Karibu na ikweta, ambako mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, si rahisi kuiona ikichanua tena bila kufunikwa gizani kila siku kwa majuma kadhaa. Anayeinunua akitegemea maua ya kila mwaka atasikitika.

Kuchagua kulingana na mahali

Kalathea nyingi hustawi kwenye joto la sentigredi 18 hadi 27, hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 50, na mwanga usio wa jua moja kwa moja. Jua la alasiri kupitia dirishani hufifisha michoro na kuchoma jani.

Kwa mwambao wa Afrika Mashariki, yaani Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na Mtwara, unyevu wa hewa ni wa kutosha na karibu spishi zote hufaa, hata kwenye baraza lenye kivuli. Tatizo la huko ni chumba chenye kiyoyozi, ambacho hukausha hewa, pamoja na maji ya visima yenye chumvi. Katika nyanda za juu kama Nairobi, Iringa na Mbeya, miezi ya Juni hadi Agosti usiku hushuka chini ya sentigredi 15, kiwango ambacho kalathea huanza kudhoofika. Huko mmea ukae ndani, mbali na dirisha, na upunguziwe maji wakati wa baridi. Mahali pakavu kama Dodoma, musaica au lancifolia ni chaguo la busara kuliko ornata au makoyana.

Anayeanza aanze na lancifolia. Ornata, crocata na aina zenye rangi nyeupe nyingi kama ‘White Fusion’ ya G. lietzei ni za mtu aliyekwisha kuzizoea.

Maji na ncha za kahawia

Lalamiko la kawaida kuhusu kalathea ni ncha na kingo za majani kuwa za kahawia. Hewa kavu ni sababu mojawapo, na mbolea nyingi ni nyingine. Lakini iko sababu ambayo vitabu vya Ulaya huitaja kwa mstari mmoja tu, ilhali katika Bonde la Ufa ni jambo kubwa: floraidi.

Floraidi iliyomo majini hunyonywa na mizizi, husafiri pamoja na maji hadi mwisho wa jani, na maji yakiwa mvuke yenyewe hubaki. Haitoki tena. Hujilimbikiza nchani na ukingoni hadi seli zikafa. Kalathea ni miongoni mwa mimea ya chungu inayodhurika upesi kwa njia hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji ya kunywa, na visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru mkoani Arusha, pamoja na sehemu za Nakuru na Naivasha nchini Kenya, huzidi kiwango hicho. Ni maji yaleyale yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Mkazi wa maeneo hayo anayeona kalathea zake zikiungua ncha mwaka baada ya mwaka asijilaumu kwa uvivu wa kumwagilia.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi; kinyume chake, maji yakipungua sufuriani floraidi huzidi kukolea. Kuyaacha ndooni usiku kucha huondoa sehemu ya klorini tu. Dawa iliyo rahisi ni maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani na kuhifadhiwa kwenye pipa lenye mfuniko. Mbolea ya superfosfeti iepukwe, kwa kuwa nayo hubeba floraidi. Ncha zilizokwisha kufa hazirudi kuwa kijani. Kinachotazamwa ni kama majani mapya yanatoka mazima.

Dalili nyingine zisichanganywe na hiyo. Jani likijiviringa kwa urefu mchana, mmea una kiu. Majani ya chini yakiwa manjano na udongo ukinuka, maji yamezidi na mizizi inaoza. Vumbi jeupe na nyuzi nyembamba chini ya jani ni kazi ya utitiri, ambao huzaliana hewa ikiwa kavu. Jani lifutwe pande zote mbili kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya siku chache.

Kununua, kupanda na kugawa

Kabla ya kununua, jani ligeuzwe. Upande wa chini huonyesha wadudu, na pia ndio wenye ushahidi wa spishi, kwa kuwa lebo za vitaluni mara nyingi huandikwa kwa kubahatisha. Mmea wenye jani jipya lililoviringika ni mzima kuliko mmea mkubwa usio na chipukizi. Majani yanayong'aa kupita kiasi huenda yamepuliziwa mafuta ya kung'arisha, ambayo huziba matundu ya hewa.

Udongo uwe mwepesi, wenye mboji na unaopitisha maji. Nyuzi za makumbi ya nazi hufaa sana, mradi zioshwe kwanza kuondoa chumvi. Chungu kiwe na tundu chini. Mmea huongezwa kwa kugawa rizomu wakati wa kubadilisha chungu, vizuri zaidi mwanzo wa mvua, kila kipande kikiwa na mizizi na angalau majani mawili au matatu. Mimea ya biashara huzalishwa kwa wingi maabara kwa njia ya tishu.

Anayetaka kuingiza mmea kutoka nchi za nje anahitaji hati ya afya ya mimea. Tanzania jambo hilo husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na Kenya na KEPHIS. Mche uliofichwa sanduku la nguo unaweza kuleta mnyauko au mdudu asiyekuwepo nchini.

Matumizi mengine na jamaa wa Afrika

Si kalathea zote ni pambo. G. allouia hulimwa katika visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini kwa ajili ya viazi vyake vidogo, ambavyo hubaki vikitafunika kwa mlio hata baada ya kuchemshwa. Calathea lutea, iliyobaki katika jenasi yake ya zamani, ina majani makubwa yenye nta nyeupe chini, na watu wa Amerika ya Kati huyatumia kufungia chakula jinsi majani ya migomba yanavyotumika kwingine.

Marantaceae wa Afrika hawajulikani vitaluni, lakini wana kazi kubwa. Thaumatococcus daniellii wa misitu ya magharibi na kati mwa Afrika hutoa thaumatini, protini tamu mara nyingi kuliko sukari. Mashina ya Marantochloa husukwa vikapu na mikeka nchini Uganda na Kongo. Katika msitu wa Ituri, Wambuti huezeka vibanda vyao kwa majani mapana ya Megaphrynium na ndugu zake, na majani hayohayo hufungia mkate wa muhogo unaouzwa sokoni katika sehemu nyingi za Kongo. Maranta arundinacea wa Amerika hulimwa kwa wanga laini wa rizomu zake. Jina lake la Kiingereza ndilo ambalo Wakenya wengi huliita nduma, ingawa nduma ni Colocasia esculenta, mmea wa familia ya difenbakia.